Linaandikwa Cholmondeley, linatamkwa Chamli

Ukitoka Nairobi kwenda Nakuru, ukishaipita Naivasha kidogo, matatu nyingi husimama Delamere. Watu wanashuka, wananyoosha miguu, wengine wanakimbilia choo, wengine wananunua maziwa na mtindi, safari inaendelea. Nimesimama pale tangu nikiwa mtoto. Na miaka hiyo yote nilidhani Delamere ni jina la mtu, kama vile Kamau au Wafula ni jina la mtu.

Kumbe sivyo. Delamere ni cheo. Yule Mzungu tuliyesoma habari zake shuleni, Lord Delamere, jina lake la ukoo lilikuwa Cholmondeley. Hebu lisome kwa sauti. Usione haya, hakuna anayekusikiliza.

Umesoma "Cholomondelei", si ndiyo? Hata mimi. Mwaka 2006 nilikuwa darasa la tatu, na jina hilo likaanza kutajwa kwenye habari za saa moja karibu kila wiki, kwa sababu nitakayoifikia. Kila msomaji wa habari alikuwa na lake. Mmoja alipanda nalo kama anayepanda mlima, mwingine akalimung'unya haraka akaendelea na habari ya pili. Mzee wangu alikuwa akicheka pale kwenye kochi: "Hao wenyewe wanajiita Chamli!" Sikumwamini. Herufi kumi na mbili zitoke mdomoni kama silabi mbili tu? Nilikuja kumwamini miaka mingi baadaye, nilipoanza kulichimba jina lenyewe kwa ajili ya video moja ambayo hatimaye sikuitengeneza. Video ilikufa, udadisi haukufa.

Tuanze na hiyo sauti. Waingereza hawakukaa kikao wakaamua kutuchezea shere. Jina lilipoandikwa mara za kwanza, karibu kila herufi ilikuwa na kazi yake. Kisha watu wakalitumia karne baada ya karne, na mdomo wa mtu ni mvivu. Ule mrundikano wa konsonanti katikati ukaanza kumezwa, mwisho ukabaki Chamli. Lakini hati za ardhi, wosia na vitabu vya kanisa vilibaki na tahajia ya zamani. Kwa hiyo maandishi yalisimama na sauti ikaenda zake. Ndiyo maana mji wa Leicester, ambao mashabiki wa mpira tunaujua, husemwa "Lesta". Ndiyo maana Featherstonhaugh husemwa "Fanshoo". Haya ni majina ambayo mavazi yao ni ya miaka mia nane iliyopita na sura yao ni ya leo.

Sasa, jina lenyewe limetoka wapi? Kaskazini magharibi mwa Uingereza kuna kaunti iitwayo Cheshire, nchi ya ng'ombe wa maziwa na jibini, karibu na mpaka wa Wales. Upande wa kusini wa kaunti hiyo kuna kijiji kidogo kinachoitwa Cholmondeley. Maana yake unaweza kuifungua kama ganda la njugu. Zamani, kabla ya Wanormani kuja, kulikuwa na mtu aliyeitwa Ceolmund. Na katika Kiingereza cha kale, *leah* ni uwazi uliofyekwa katikati ya msitu. Basi, Cholmondeley ni "uwazi wa Ceolmund msituni". Hiyo *leah* ndiyo ile "-ley" unayoiona mwishoni mwa majina kibao: Burnley, Bromley, hata Stanley, ambalo ni uwazi wenye mawe. Kule kusini magharibi, kaunti ya Devon, kuna mji mdogo wa Chulmleigh wenye maana hiyo hiyo. Kwa hiyo huenda kulikuwa na akina Ceolmund wawili, kila mmoja na shoka lake, wasiojuana kabisa.

Kuhusu Ceolmund wa Cheshire hatuna kingine. Hatujui uso wake wala kaburi lake. Alifyeka, akaishi, akafa, na watu wakaendelea kusema "kwa Ceolmund", vile sisi tunavyosema "kwa Njenga" ama "kwa Reuben" na hatumjui Njenga wala Reuben.

Mwaka 1066 Wanormani wakavuka bahari kutoka Ufaransa na kuiteka Uingereza. Cheshire iliasi, na majira ya baridi ya 1069 kuingia 1070 mfalme William akaongoza jeshi kuiadabisha, vijiji vikachomwa. Kisha mwishoni mwa mwaka 1085 mfalme huyo akaagiza nchi nzima iandikwe kwenye kitabu, kazi iliyofanyika mwaka 1086: nani ana ardhi gani, ina majembe mangapi, inaweza kutoa kodi kiasi gani. Vijiji vingi vya Cheshire vimeandikwa humo kwa neno moja tu la kusema kwamba ni magofu. Na humo ndimo kijiji chetu kinapoonekana kwa mara ya kwanza, kimeandikwa "Calmundelei".

Hapo nataka tusimame kidogo, maana kwangu hapa ndipo utamu ulipo. Aliyeandika "Calmundelei" alikuwa karani wa mtawala mgeni. Huenda hakukijua Kiingereza vizuri, au alikijua kwa sikio la mgeni. Alisikia wenyeji wakitaja mahali pao, akaandika alivyosikia, lengo likiwa kodi. Mkenya yeyote anaitambua sinema hii. Wamaasai walisema Enaiposha, karani akaandika Naivasha, na leo sote tunasema Naivasha. Tofauti ni kwamba kule karani alikuwa Mnormani na mwenyeji alikuwa Mwingereza. Waingereza nao waliwahi kuandikwa majina yao na watu waliowapora ardhi.

Ardhi ile ikawa chini ya mtemi wa Chester, naye akawagawia watu wake. Eneo la Malpas lilimwangukia Robert FitzHugh. (Malpas lenyewe ni jina la Kifaransa, "njia mbaya". Mgeni alipita, akachafuka matope, akapapa jina.) Baadaye, katika karne ya 12, anatajwa bwana mmoja wa Malpas aitwaye William le Belward. Wataalamu wa nasaba husema uzao wake uligawana mashamba, na kila tawi likajiita kwa shamba lake. Tawi lililopata Cholmondeley likawa "de Cholmondeley", yaani wa Cholmondeley. Tawi jingine lilipata kijiji cha jirani, likajiita kwa jina la kijiji hicho: Egerton.

Ndiyo, Egerton. Kabla ya kuwa chuo kikuu, kabla ya kuwa kasri ambalo watu wa Nakuru huenda kupigia picha za harusi, Egerton kilikuwa kijiji ambacho ungeweza kukifikia kwa miguu kutoka Cholmondeley asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Shikilia jambo hilo, nitalirudia.

Enzi hizo majina ya ukoo yalikuwa ndiyo yanazaliwa Uingereza. Wengine waliitwa kwa kazi: Smith ni mhunzi. Wengine kwa baba: Johnson ni mwana wa John. Wengine kwa sura: Brown. Na wengine kwa mahali. Kufikia miaka ya 1400 familia nyingi zilikuwa na jina linalorithiwa. Mhunzi alikuwa katika kila kijiji, ndiyo maana akina Smith wamejaa kama mchanga. Lakini kijiji cha Cholmondeley kilikuwa kimoja, na kidogo. Jina la namna hiyo haliwezi kuwa la watu wengi.

Ila kuna kitu sikukielewa mpaka nilipofikiria watu wetu wenyewe. Mtu hupewa jina la mahali kwa sababu mbili zilizo kinyume kabisa. Bwana anaitwa "wa Cholmondeley" kwa sababu Cholmondeley ni yake. Lakini mtu wa kawaida anaitwa hivyo kwa sababu ameondoka. Ukiwa Ugenya, kila mwanamke ni wa Ugenya, hakuna sababu ya kusema. Ni akiolewa mbali ndipo anaitwa *nyar* Ugenya. Pwani ni vile vile, Al-Barawi huitwi ukiwa Barawa. Kwa hiyo kuna aliyeitwa Cholmondeley kwa kumiliki na kuna aliyeitwa hivyo kwa kuhama, na karne zikipita huwezi kuwatofautisha kwa jina.

Isipokuwa, pengine, kwa tahajia. Ukilifuatilia jina hili lilivyosambaa, unaona waliobaki na mashamba walibaki pia na herufi zote. Hati zilikuwepo, mawakili walikuwepo, na jina lilikuwa sehemu ya mali. Familia kuu ilipata cheo cha Earl mwaka 1706 na cha Marquess mwaka 1815, na kasri lao la Cholmondeley lipo mpaka leo, palepale Cheshire. Tawi lililokwenda Yorkshire lilipunguza likawa Cholmley. London kulikuwa na jaji Sir Roger Cholmeley, aliyeanzisha shule ya Highgate mwaka 1565. Na wale ambao jina lao liliandikwa na padri au karani kwa kusikia tu, wakawa Chumley, au Chumbley. Ukienda Marekani utawakuta akina Chumley. Mmoja wao, Leland Chumley, alifungua baa ya siri mjini New York mwaka 1922, wakati pombe imepigwa marufuku, na Chumley's ikawa kijiwe cha waandishi. Hakuwa na Earl wala Marquess wa kumlindia herufi.

Nimesema nisilete mambo ya nyumbani lakini hili linaniuma. Babu yangu ni Ng'ang'a. Kwenye cheti cha kuzaliwa cha baba ni Nganga. Kwenye kitambulisho cha shangazi ni Nganʼga, sijui hata mtu alifikaje hapo. Nilipokwenda kutafuta karatasi fulani kwenye ofisi fulani, kijana wa rika langu alinitazama kwa upole akaniambia hawa ni watu watatu tofauti. Ilinichukua miezi mitano na hati ya kiapo kuthibitisha kwamba baba yangu ni mtoto wa baba yake. Kwa hiyo nikisoma kwamba kuna familia ambayo imebeba herufi kumi na mbili, nusu yake bila kazi, kwa miaka mia nane bila kupoteza hata moja, sioni kichekesho. Naona watu ambao karani hakuwahi kuwa juu yao.

Turudi kwenye kusambaa. Afrika jina hili halikufika kwanza Kenya. Katika miaka ya 1660 Sir Hugh Cholmley wa Whitby, huko Yorkshire, alikwenda Tangier, Morocco, wakati Waingereza wakiushikilia mji ule, akasimamia ujenzi wa gati kubwa la mawe baharini. Pesa nyingi zilizama pale. Mwaka 1684 Waingereza wakaondoka, na kabla ya kuondoka wakalibomoa gati lao wenyewe. Karne ya 19 tawi la Shropshire, kaunti jirani na Cheshire, lilitoa Thomas Cholmondeley aliyehamia New Zealand kwa muda, akaandika kitabu kuihusu, kisha akafanya urafiki na mwandishi Thoreau wa Marekani na kumtumia sanduku zima la vitabu vya hekima ya Kihindi. Shropshire hiyo hiyo alizaliwa Mary Cholmondeley, mwandishi wa riwaya aliyevuma mwaka 1899 kwa *Red Pottage*. Na New Zealand, karibu na Christchurch, kuna makao ya watoto yenye jina hilo tangu 1925. Ni familia iliyotembea, lakini kwa hesabu ya vichwa bado ni wachache.

Sasa Delamere. Tawi moja la Cheshire lilinunua makao ya zamani ya watawa yaitwayo Vale Royal, mwanzoni mwa miaka ya 1600. Mwaka 1821 bwana wa hapo, Thomas Cholmondeley, akapewa cheo, na akachagua kukiita kwa msitu uliokuwa jirani: Delamere. Maana yake? "Wa maziwa." Si maziwa ya kunywa, haya ya maji, vidimbwi na maziwa madogo yaliyotapakaa msituni mle. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu usiku. Sisi Wakenya tunashuka Delamere kununua maziwa, na jina lenyewe linamaanisha maziwa, ila sio hayo.

Hugh Cholmondeley alizaliwa Vale Royal mwaka 1870, akarithi cheo mwaka 1887 akiwa na umri wa miaka 17. Alikuja Somalia kuwinda simba, na mwaka 1897 akashuka kutoka Berbera akapita jangwa mpaka akafika nyanda za juu za Kenya. Akaona ardhi. Mwaka 1903 akapewa ekari 100,000 pale Njoro, kwa mkataba wa miaka 99. Baadaye akaongeza Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita. Wa maziwa kwelikweli.

Na ardhi haikuwa tupu. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilifanya mapatano na Wamaasai, wakaondolewa Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini, kwa ahadi kwamba mapatano hayo yangedumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Yalidumu miaka saba. Mwaka 1911 wakaondolewa Laikipia nako. Walikwenda mahakamani mwaka 1913, kesi ikatupwa.

Nitampa mtu haki yake: Delamere alikula hasara za kutisha. Ng'ombe wake walikufa, kondoo wake walikufa, ngano yake ikaliwa na kutu, naye akaendelea kutafuta mbegu inayostahimili mpaka Njoro ikawa mahali pa utafiti wa ngano, na mpaka leo ipo. Ajabu ni kwamba ngao ya ukoo wa Cholmondeley ina kofia mbili za chuma juu, na chini yake mganda wa ngano. Ngano na chuma. Mtu angeichora ngao hiyo Njoro mwaka 1910 ungesema ni kejeli.

Na jirani yake ni nani? Maurice Egerton, bwana wa Tatton, naye wa Cheshire. Alikuja Njoro, akajenga lile kasri, na mwaka 1939 akaanzisha shule ya kilimo iliyokuja kuwa chuo kikuu. Hadithi ya mwanamke aliyemkataa mnaijua, sitairudia. Hakuacha mtoto, na alipokufa mwaka 1958 cheo kikafa naye. Lakini fikiria: vijiji viwili vilivyopakana Cheshire, ndugu wawili wa ukoo mmoja waliochukua majina yake, kisha baada ya miaka mia saba majina hayo yanakutana tena, majirani tena, Njoro. Wale wazee wa zamani waliichukua ardhi na kuchukua jina lake. Wajukuu wao waliichukua ardhi na kuiwekea jina lao.

Delamere alikufa mwaka 1931, akazikwa Soysambu. Nairobi ikawa na Delamere Avenue, na sanamu yake imekaa hapo. Baada ya uhuru barabara ikawa Kenyatta Avenue, sanamu ikang'olewa ikapelekwa Soysambu. Ikahamia nyumbani, maana shamba halikuhama. Bado lipo, takriban ekari 48,000, leo ni hifadhi ya wanyama.

Ndipo tunarudi kwenye habari za saa moja. Aprili 2005, mjukuu wa mwana wa yule Delamere, Tom Cholmondeley, alimpiga risasi na kumuua Samson ole Sisina, afisa wa wanyamapori aliyekuwa kazini shambani humo. Alisema alidhani ni majambazi. Mwanasheria Mkuu akaifuta kesi, na Wamaasai wakaandamana. Mei 2006, katika ardhi hiyo hiyo, akapigwa risasi Robert Njoya, mkata mawe, baba wa watoto. Cholmondeley alisema alilenga mbwa wa wawindaji haramu. Mwaka 2009 alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa miezi minane. Alikufa 2016.

Mtoto wa darasa la tatu hakuelewa sheria. Nilichokumbuka ni jina lisilosomeka, na jinsi watu wazima walivyojitahidi kulitamka sawasawa. Sikumbuki mtu yeyote akijitahidi hivyo na jina Njoya. Lilikuwa rahisi, lilipita haraka.

Leo ukitafuta Mkenya wa kawaida aitwaye Cholmondeley sidhani utampata kirahisi. Akina Stanley tunao, akina Nelson na Churchill tunao, watoto walibatizwa majina hayo bila hiana. Hilo hakuna aliyelitaka, au hakuna aliyeweza kuliandika. Lililobaki ni la maziwa, pale barabarani. Mwezi jana matatu yetu ilisimama hapo tena. Kondakta akapiga kelele, "Delamere! Dakika kumi!" Mama mmoja mzee aliyekaa karibu nami, shuka yake nyekundu begani, akamuuliza kwa Kimaasai kijana aliyekuwa naye jambo fulani, na kijana akamjibu. Nilishika neno moja tu, Enaiposha. Hawakushuka.